Picha Iliyopelekwa Kukuzwa

Albamu za zamani zina harufu yake. Ni plastiki iliyokaa miaka ndani ya sanduku pamoja na nguo za kanisani, ikaingiwa na moshi wa jikoni kidogo kidogo. Kazi yangu ya kufunga sola imenilaza kwenye nyumba za wageni nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, Kibondo, Mpanda, Sumbawanga, na kote huko sijawahi kukutana na harufu hiyo. Naijua kutoka sebule za kijijini kwetu Kamuli tu, za watu wa umri wa mama yangu. Wanangu hawaijui. Picha zao hazinuki kitu.

Imenirudia mwezi huu kwa sababu Mama Adela amefariki. Alikuwa jirani yetu. Kibanja chake na chetu vilitenganishwa na mstari wa milamula, ile miti ya mpaka, na hata hiyo ilikuwa na pengo kubwa mahali tulipozoea kupita. Yeye na mumewe walitoka Burundi wakiwa vijana, wakalima vibarua, baadaye wakapata shamba lao la migomba na kahawa. Kwa mama yangu alikuwa rafiki, basi. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa neno jingine.

Sikufika mazishini. Nilikuwa juu ya paa la zahanati moja huko Mpanda, na msiba niliuona kwenye simu, katika grupu la kijiji. Kila mwenye simu alipiga picha, na kila aliyepiga alizituma zote, nzito kama zilivyotoka kwenye kamera. Jeneza. Jeneza kwa upande wa pili. Adela, binti wa marehemu, akilia. Adela akilia kwa karibu zaidi. Masufuria ya ndizi. Bando langu lilikata kabla sijaliona kaburi. Simu ya mama, ndogo na yenye ufa kwenye kioo, iliganda kabisa. Nilimpigia haikuita, nikapiga tena na tena, nikaanza kuuliza habari za mabasi ya Kagera nikiamini naye ameanguka. Kumbe alikuwa mzima, amekaa kwenye mkeka, simu yake imejaa jeneza la rafiki yake mpaka haina nafasi ya sauti yangu.

Adela ni muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga, na ni mtu wa upole. Mambo yalipotulia aliandika kwenye grupu kuomba kwamba mtu akitaka kutuma picha achague moja au mbili, azipunguze ukubwa kwanza ili wazee wenye simu ndogo waweze kuzifungua, na anayelia aulizwe kabla hajarushwa. Wengi walijibu kwa dole gumba. Mmoja alijibu kwa kutuma jeneza upya.

Halafu akaniandikia mimi peke yangu. Alisema: "Proje, nimefungua albamu ya mama. Ile picha ya kipaimara changu ipo. Sijaiweka kwa watu. Nikutumie wewe kwanza, au nimpelekee mama yako mkononi?"

Hakuhitaji kusema ni ipi. Nilishuka kwenye paa nikaacha koleo na nyaya huko huko juu.

Wenzangu wa umri huu mnakumbuka picha zilivyokuwa. Mgeni alifika, akapewa kahawa za kutafuna, akawekewa albamu mapajani, na wenyeji wakaondoka kwenda kupika. Albamu ndiyo iliyokaa na mgeni. Ungeijua familia nzima kabla ndizi hazijaiva. Na picha zenyewe zilikuwa chache kiasi kwamba mtu angeweza kukusimulia kila moja: hapa jua lilikuwa kali, hapa huyu alikuwa amenuna, shati hili si lake. Mpiga picha alikuja kwa baiskeli kutoka Kayanga kwenye sikukuu za kanisa. Alipiga, akaondoka, na ulisubiri mpaka ukasahau kwamba unasubiri.

Siku ya kipaimara cha Adela alipiga picha moja ya watu wote waliosimama mbele ya kanisa. Adela katikati na gauni jeupe, mama yake kulia, na pembeni kushoto mama yangu amembeba mdogo wangu Kemilembe. Mimi simo. Nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama anasema hata kwenye tumbo nilitaka kutoka kabla ya wakati. Picha ilikuwa saizi ya positikadi na ilikuwa ya akina Adela, kwa sababu sherehe ilikuwa yao.

Kemi aliondoka kabla ya mvua za vuli. Homa, kisha kimya. Wakati ule sikuelewa vizuri ni nini kimetokea. Nilielewa kwamba nyumba ilijaa watu wasioniona, na kwamba baadaye walipoondoka tulibaki na nafasi moja mkekani ambayo hakuna aliyeikalia. Nyumbani tulitandika nyasi sakafuni kama nyumba nyingine zote, na mama alipobadilisha nyasi alitandika na pale vilevile, vizuri, halafu akapazunguka.

Miezi ikaenda. Kuna siku nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko nikichimba chimba, mama na Mama Adela wakimenya ndizi ndani. Nikamsikia mama akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongelea chumvi, kwamba sauti ya mtoto anayo bado lakini uso unamtoka. Akifumba macho anamwona Kemi, ila uso ni wa Proje. Kisu cha Mama Adela kilisimama kidogo, kikaendelea.

Baba aliposikia alitafuta njia. Alikwenda Kayanga kumwona mpiga picha, akaambiwa kwamba ile filamu ya kipaimara haipo tena, lakini kama picha yenyewe ipo, iletwe, ataipiga upya na kumtoa mtoto peke yake, mkubwa, wa kutundika ukutani. Basi jioni hiyo baba alivuka pengo la milamula akiwa amevaa shati lake zuri, kama anayekwenda kuposa. Nilimfuata. Alizunguka kwenye mvua, kwenye bei za kahawa, kwenye afya ya mbuzi wao, ndipo akafika. Mama Adela alimsikiliza, akaenda chumbani, akarudi na picha ameshaitoa kwenye albamu.

"Hii ni ya mtoto wangu na ni ya mtoto wenu," alisema. "Nenda nayo. Mwambie asiikate."

Kwa sababu wapiga picha wa wakati ule walikuwa na mikasi, na hawakuuliza.

Tukiwa njiani nilimwuliza baba picha inakwenda wapi. Akasema inapelekwa kukuzwa. Na mimi nikasimama.

Nyumbani tulisema Kinyambo, Kiswahili kilikuwa cha shule na cha wageni, lakini neno hilo lilikaa katika lugha zote mbili na kwangu lilikuwa na maana moja tu. Baba alikuza migomba. Babu alikuza ndama aliyefiwa na mama yake. Mama alitukuza sisi. Sikujua kwamba kitu kisicho na uhai kinaweza kukuzwa. Kemi alikuwa ndani ya ile karatasi, mdogo kama punje ya kahawa, na sasa anapelekwa Kayanga kukuzwa. Nilishangaa tu kwamba walikuwa wamechelewa namna hii.

Binamu yangu Audax alinithibitishia. Alikuwa darasa la pili na kwa hiyo alijua kila kitu. Alisema Kayanga kuna umeme, na kitu kikiwekwa kwenye umeme kinakua haraka kuliko kwa uji. Halafu akaongeza, kwa furaha ya kumwumiza mtu, kwamba Kemi akikaa sana huko atarudi mkubwa kuliko mimi.

"Utamwamkia shikamoo," alisema. "Na atakutuma maji."

Hilo lilinikosesha raha kuliko kitu chochote. Nilimpenda mdogo wangu na nilimtaka arudi, lakini nilimtaka arudi mdogo. Nilizunguka kibanja kizima nikiliwaza. Nilijaribu kusema shikamoo Kemi, kwa kunong'ona, nyuma ya mgomba, na mdomo ukakataa. Kila pikipiki iliyosikika barabarani nilikimbia kuitazama, kisha nikakimbia kurudi nisikutwe. Mama naye alikuwa hivyo hivyo, ingawa yeye hakukimbia. Alianza kazi akaiacha, akachukua jembe akaliweka. Picha ilikuwa imetoka nyumbani kwa watu, haijarudi, na alikuwa na aibu ya kupita kwenye lile pengo. Nyumba nzima ilikuwa imekaa upande upande.

Mwishowe nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunakula, nikamwuliza baba Kemi atakuzwa mpaka wapi.

Baba alifurahi kuulizwa. Alikuwa ameiwaza sana ile fremu. Aliweka kiganja kimoja hewani na kingine chini yake, akanionyesha urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

"Mpaka hapa."

Nilitazama ile nafasi kati ya viganja vyake. Nilitazama tena. Nikamwambia hiyo haitoshi, Kemi alikuwa ameshapita hapo, alikuwa anasimama mpaka kwenye ukingo wa kitanda. Wanamrudisha nyuma. Aende awaambie waongeze.

Viganja vya baba vilibaki hewani. Alimtazama mama, mama akatazama sahani.

"Ni picha, mwanangu," baba alisema. "Inayokuzwa ni picha."

Nikasema najua ni picha. Na ni kweli nilijua. Sote tulijua ndani ya picha yumo nani.

Baba alitoka nje. Mama angeweza kunieleza pale pale, na nimejiuliza mara nyingi, kwenye mabasi na kwenye mapaa ya watu, kwa nini hakunieleza. Alichofanya ni kunisogezea kipande chake cha ndizi. Kesho yake aliponikuta nimeleta nyasi mpya na kuzitandika mahali pa Kemi, nene kuliko kwingine, alizipanga vizuri zile zilizokaa vibaya, akaenda zake.

Baba alirudi kutoka Kayanga siku ya soko. Nilimwona kwa mbali akishuka kwenye mteremko na kitu bapa kwapani, kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Nilikimbia mpaka kwake, nikampita, nikaendelea kukimbia mpaka kona ya barabara. Hapakuwa na mtu. Nilisimama pale mpaka aliponiita, na hata aliponiita sikuondoka mara moja, nikidhani labda anatembea polepole.

Ndani, mama alifungua ile karatasi bila kuichana. Fremu ilikuwa nzuri, nyeusi, na kioo. Ndani yake kulikuwa na mkono wa mama umekuwa mkubwa kama mkono wa kweli, na shingo ya kigauni yenye lesi unayoweza kuihesabu matundu, na juu ya lesi, pale palipotakiwa kuwa na uso, kulikuwa na ukungu. Ukungu mweupe wenye kivuli hapa na kivuli pale. Ukiutazama kwa mbali unadhani unaona jicho. Ukisogea linaondoka.

Nilizunguka nyuma ya fremu. Kulikuwa na ubao na misumari midogo.

Baba alianza kueleza alichoambiwa, kwamba picha ndogo ikikuzwa haiwezi kutoa kisichokuwemo, alieleza na kueleza, na mama akasema ni nzuri, asante, imetoka vizuri. Wakaitundika. Majirani walikuja kuiona wakasifu fremu. Kuna mama mmoja alisema mtoto anafanana na malaika, na nadhani alisema hivyo kwa kuwa malaika hakuna anayemjua sura. Haikukaa muda. Siku moja niliingia nikakuta ukuta mtupu na msumari, na kwa mara ya kwanza tangu Kemi aondoke nilikaa mahali pake na nikalia, na hakuna aliyeniambia nitoke.

Picha ndogo ilirudishwa kwa mwenyewe, nzima, bila kukatwa. Na hapa ndipo ninapomkumbuka Mama Adela kuliko mahali pengine popote.

Baada ya hapo, mama alipopita kwake baada ya ibada, Mama Adela alimkaribisha kama mgeni wa mbali. Alimpa kahawa za kutafuna, akamletea albamu ileile ambayo mama aliijua yote kwa moyo, akamwekea mapajani, ikiwa imefunguliwa kwenye ule ukurasa. Kisha akasema ana kitu jikoni. Hakuwa na kitu jikoni. Nilikuwa nikimfuata huko nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya moto usio na chungu, mikono mapajani, akisubiri. Nilipotaka kurudi sebuleni alinishika shati. "Mwache mama yako na mgeni wake," aliniambia.

Na walipokuja wengine wenye hamu ya kumwona yule mtoto aliyekufa, albamu walipewa, lakini ile picha haikuwemo. Alikuwa akiitoa kwanza na kuiweka chini ya godoro. Akina mama waliulizana imekwenda wapi, naye akawajibu kwamba watoto wameichezea. Alikubali watu waseme nyumba yake haina nidhamu kuliko kumpitisha Kemi mikono yote ile. Sijui nani alimfundisha. Siku hizi nikiona tunavyotupiana nyuso za watu kwenye grupu, waliolala wodini, waliolala zaidi ya wodini, nakumbuka lile godoro.

Basi nilimjibu Adela anitumie mimi kwanza. Alituma mbili, moja nzito ya kuhifadhi, na nyingine ameshaipunguza, akaandika chini yake kwamba hii itafunguka kwenye simu ya mama. Nilifungua ile nzito. Sikuwa nimeiona tangu utotoni. Kanisa, gauni jeupe, mama yangu akiwa kijana kuliko nilivyo mimi sasa, jambo ambalo mtu halizoei. Na uso wa Kemi, punje ya kahawa.

Nilifanya alichofanya baba. Niliweka vidole viwili kwenye kioo nikavuta, na ukungu ukaja. Halafu nikafanya ambacho baba hakuwa na uwezo wa kukifanya. Kuna programu ya simu inayosafisha picha za zamani. Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyeniwekea. Niliipa ule uso. Ikazungusha kiduara chake, ikaniletea mtoto mzuri sana, mwenye kope na midomo na macho yanayong'aa, anayetazama kamera moja kwa moja. Mtoto wa mtu. Nilimtazama kama unavyomtazama mtoto wa abiria mwenzako kwenye basi. Nikawaza kwamba mama akimpokea huyu, kwa macho yake yalivyo sasa, atamkubali, na kwa muda utakaobaki atakuwa akifumba macho anamwona huyu. Nilimfuta. Nikaenda mpaka mahali picha zilizofutwa zinapokaa, nikamfuta na huko.

Nilimpigia mama kwanza. Nilimwuliza kama anataka kuiona, nikamwambia asijibu haraka. Alijibu haraka. Nikamtumia ile ndogo aliyoipunguza Adela, bila kuigusa, nikakaa chini ya paa la zahanati nikisubiri. Niliinuka, nikakaa. Nilizunguka gari letu la kazi. Nilifikiri imegoma kufunguka, nikafikiri imefunguka na nimefanya vibaya, nikafikiri nisingekuwa huku, ningekuwa sebuleni kwake, ningekuwa hata jikoni.

Akapiga. Hakusema halo.

"Imefunguka," alisema. "Nimemwona."

Nilimwambia pole kwamba uso hauonekani vizuri. Nikaanza kueleza, kama baba, kwamba picha yenyewe ilikuwa ndogo mno.

"Si udogo," mama alisema. "Mbona mimi naonekana? Adela anaonekana, na nyuso zetu ni ndogo vilevile. Kemi aligeuka."

Nikamwuliza aligeukia nini.

"Wewe. Tulikwambia njoo usimame hapa ukakataa, ukakimbilia kwenye baiskeli ya yule mpiga picha. Ulikuwa unamwita, Kemi, Kemi. Yeye alikuwa hawezi kukusikia akatulia." Alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Tazama shingo yake, waitu, mwanangu. Anakutafuta."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akimwamkia kwa nje na yeye akiitika marahaba.

"Ulikuwa unatandika nyasi," alisema. "Ningekwambiaje?"

Tulipomaliza niliifungua tena, kwa ukubwa wake uleule, bila kuivuta. Nilifuata shingo ya mdogo wangu kwenda inakoelekea, nikalipita bega la mama, nikapita kipande kidogo cha uwanja wa kanisa, mpaka kwenye ukingo mweupe wa karatasi ambapo picha inaishia. Yule kijana wa kazini aliniita kutoka juu ya paa kwamba jua linakwenda. Nilimsikia. Nilibaki pale pale.